Sura ya Nne: Watu wa Magurudumu Mawili

Ukisimamisha gari penye watu, hakuna atakayekuja kukuuliza habari zake. Gari lina milango na vioo, na mwenyewe akishafunga, basi. Pikipiki haina pa kujificha. Injini yake inaonekana, waya zake zinaonekana, na aliyeipanda anaonekana mzima na vumbi lake usoni. Simama na vespa ya zamani kando ya barabara mjini Unguja, vua kofia ngumu, futa jasho. Hutamaliza kufuta kabla mtu hajakuuliza ni ya mwaka gani, na muulizaji mwenyewe atakuwa ameshachutama upande wa kulia, iliko injini, anachungulia.

Mkusanyiko ninaousimulia hapa umejengwa na maswali ya namna hiyo. Uko upande wa Ng'ambo, chini ya mkungu mkubwa uliofunika nusu ya kiwanja, jirani na muuza kahawa. Kila Jumapili, jua likishatoka na kabla halijawa kali, wenye vespa, skuta na pikipiki huanza kufika mmoja mmoja. Hauna jina. Hauna mwenyekiti wala mweka hazina, hakuna kadi, hakuna ada, na hakuna anayeuliza kwa nini Jumapili iliyopita hukuonekana, isipokuwa kwa kutaka kujua kama ulikuwa unaumwa. Nilipouliza ulianza lini, kila mtu alinitajia mwanzo wake yeye. Mmoja alikatikiwa waya wa klachi palepale, akasaidiwa, Jumapili iliyofuata akarudi kuwashukuru waliomsaidia. Mwingine alikuja kunywa kahawa tu.

Watu wa Zanzibar ni mafundi wa kukaa pamoja. Kuna baraza za nyumba, kuna meza za bao na za karata, kuna Jaws Corner kule Mji Mkongwe ambako watu hunywa kahawa na kujadili siasa mpaka usiku. Lakini maskani nyingi zina wenyewe. Hii ya chama, hii ya mtaa, hii ya timu, hii ya watu waliosoma pamoja. Mgeni akipita hutoa salamu, hujibiwa vizuri, naye huendelea na njia yake kwa kuwa hana sababu ya kukaa. Chini ya mkungu sababu unakuja nayo mwenyewe, umeipanda. Ndiyo maana nimeupa mkusanyiko huu sura nzima katika kitabu hiki, wakati vyama vyenye katiba na mihuri nimevipitia kwa kurasa mbili tatu. Sijaona mahali pengine mjini ambapo watu wasiojuana kabisa hukaribiana kwa haraka na kwa heshima namna ile.

Tazama waliokuwepo asubuhi moja tu. Mwalimu mstaafu, suruali imepigwa pasi, vespa yake ya rangi ya maziwa ameirithi kwa marehemu kaka yake. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akapitia kunywa kahawa kabla ya kwenda kulala, skuta yake ya otomatiki, mtandio wake umebanwa vizuri chini ya helmeti. Kijana anayebeba abiria kwa Boxer, ambaye kwake Jumapili asubuhi ni wakati wa biashara ndogo na maneno mengi. Mwanafunzi wa chuo. Mvuvi. Karani wa ofisi ya serikali ambaye siku za kazi hutembelea gari la bosi wake. Na fundi, ambaye hakuna aliyemwalika kama fundi, lakini akishafika wote wanapumua.

Vyombo navyo vimechanganyika vilevile. Kuna Vespa PX za Italia, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1977. Kuna ndugu zake waliozaliwa India, zile za LML na Bajaj Chetak. Kuna TVS, kuna Boxer, kuna Honda CG125 iliyokwisha rangi lakini inanguruma kama kawaida. Hiyo CG125 inastahili heshima yake. Wahandisi wa Honda waliitoa mwaka 1976 baada ya kuona jinsi pikipiki zao zinavyotumika katika nchi ambako chombo kimoja hubeba familia, magunia na mbuzi, na oili hubadilishwa mwenyewe akipata nafasi. Wakaacha mnyororo unaoendesha vali juu ya silinda, wakarudia fimbo za kusukuma vali za mtindo wa zamani, kwa sababu zinavumilia zaidi. Mtu wa mbali alikaa mezani akamfikiria mpanda pikipiki asiye na fedha za matengenezo. Sijui vitu vingi vya viwandani vilivyoanza kwa fikra ya adabu kama hiyo.

Vespa yenyewe ilitoka kwa mtu asiyependa pikipiki. Kiwanda cha Piaggio kilichokuwa Pontedera, Italia, kilikuwa kikitengeneza ndege, zikiwemo za kivita, na mabomu ya Vita Kuu ya Pili yakakivuruga. Vita vilipokwisha, Enrico Piaggio alitaka chombo cha bei nafuu cha kuwatembeza watu katika nchi yenye barabara zilizoharibika. Kazi akapewa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyekuwa na historia ndefu ya kubuni helikopta. Huyu aliona pikipiki inachafua nguo, inachosha mgongo, na tairi lake likipata pancha ni balaa barabarani. Basi akaondoa mnyororo, akaificha injini pembeni chini ya bodi, akaweka gia kwenye mkono wa kushoto, akaacha nafasi mbele ya miguu ili mtu aketi kama anavyoketi kitini. Gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu, kama magurudumu ya ndege, ili liweze kuchomolewa bila kufungua fremu. Hataza iliombwa Aprili 1946. Injini ya kwanza ilikuwa na sentimita za ujazo 98 na mwendo wa kilomita 60 kwa saa.

Uamuzi huo wa mwaka 1946 unaonekana hadi leo chini ya mkungu. Mwalimu mstaafu alipata pancha akiwa njiani kuja. Alipofika alikuwa ameshalichomoa gurudumu bovu na kufunga la akiba, na mikono imechafuka kidogo tu. Gurudumu la vespa ni vipande viwili vya chuma vilivyobanwa kwa nati. Ukitoa upepo na kufungua nati zile, vinaachana, na tairi linatoka bila nyundo wala mitaimbo. Mvuvi alikaa chini kando yake, wakafungua, wakatoa mpira wa ndani, wakatafuta tobo kwa maji ya ndoo ya muuza kahawa. Walizungumza muda wote huo. Walianza na tairi, wakaja kwenye bei ya samaki, mwisho mwalimu alikuwa anamweleza mvuvi jinsi ya kuandika barua ya kuomba mwanawe ahamishiwe skuli ya karibu. Wote wawili macho yalikuwa kwenye tobo. Nimeona mara nyingi kwamba wanaume wa kwetu wana mambo hawayasemi wakitazamana, na wakipewa kitu cha kutazama pamoja huyasema yote.

Lakini kitu kilichonifanya nirudi tena na tena ni namna ujuzi unavyopita pale.

Mwanafunzi wa chuo alilalamika kwamba vespa yake inakata pumzi akipanda mlima, halafu ikipata tambarare inarudia nguvu. Kijana wa Boxer akasema ni klachi. Karani akasema ni petroli ya siku hizi. Fundi alinyamaza, akamaliza kikombe chake, akauliza kitu kimoja, "Umetoka nayo mbali sasa hivi?" Akaambiwa Bububu. Akasema vizuri, usiiguse. Akavuta kifuniko cha mpira, akaingiza spana ya plagi, akaizungusha taratibu, akaitoa plagi na kuishika kwa kitambaa kwa kuwa ilikuwa ya moto. Hakuifuta. Aliwaita wote wasogee.

"Semeni mnaona rangi gani."

Wakasema nyeupe.

Akawaeleza. Plagi ya injini iliyopata mchanganyiko sawa hutoka na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Ikitoka nyeusi na imelowa, mafuta ni mengi kuliko hewa, au oili imezidi, au hiyo plagi imechoka. Ikitoka nyeupe kavu, hewa ni nyingi na mafuta hayafiki, na injini inaungua. Kwa vespa hili la mwisho ndilo la kuogopa. Injini yake ni ya mipigo miwili, haina tangi la oili chini kama pikipiki nyingine. Oili huchanganywa na petroli kabla, mililita 20 kwa kila lita katika zile zisizo na pampu ya kuchanganya zenyewe, na oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha pistoni na beringi za ndani kabla ya kuungua. Kwa hiyo petroli isipofika, oili nayo haikufika.

"Mwanangu, ungekwenda nayo Nungwi mwendo wa kasi leo, ingenoki njiani," alisema, "na pengine ikakamata gurudumu la nyuma ukiwa katikati ya barabara."

Kijana aliuliza sasa afanyeje. Fundi akampa bisibisi. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alione. Fundi yule anaishi kwa kutengeneza vyombo vya watu, na kazi ile ingemchukua dakika chache akalipwa. Alimpa kijana bisibisi. Akamwelekeza afungue bodi la kulia, afungue kisanduku kinachofunika kabureta, atoe jeti kubwa. Jeti ni kipande cha shaba nyeupe kidogo kama ncha ya kidole, chenye tundu jembamba. Kijana akalielekeza kwenye anga akafumba jicho moja. Hakuona mwanga. Mwenzake mmoja akaleta kipande cha waya akitaka kuzibua, na fundi akamzuia kwa sauti ambayo hakuitumia tena asubuhi ile. Shaba ni laini, waya utalikwangua tundu, tundu litapanuka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na tangu siku hiyo injini itakunywa mafuta kuliko inavyotakiwa na hutajua kwa nini. Lipulizwe. Kijana akapuliza, akatazama tena, akacheka. Vumbi kidogo la kutu ya tangi, hilo tu, ndilo lililokuwa linaiua injini.

Walirudisha kila kitu, akapiga kiki, ikawaka. Wengine watatu waliokuwa wamesimama pale walikwenda kila mmoja kwenye chombo chake kutoa plagi.

Nasikia sana watu wakisema vijana hawapendi kujifunza. Chini ya mkungu nimewaona wamepiga magoti kwenye mchanga kumsikiliza mzee akieleza tabia ya moto na hewa, na hakuna aliyewalazimisha. Walichokuwa nacho ni chombo chao wenyewe, tatizo lao wenyewe, na mtu aliyekuwa tayari kuwaachia bisibisi.

Kwa nini basi jina la mpanda pikipiki ni baya mjini? Anaitwa mhuni hata kabla hajafungua mdomo. Kundi likikusanyika, wapita njia huharakisha. Jambo hili lina historia, na sehemu yake iliyoandikwa vizuri zaidi ni ya Uingereza.

Mwaka 1938, kwenye barabara ya North Circular, London, ulifunguliwa mgahawa wa madereva wa malori ulioitwa Ace Cafe. Uliharibiwa kwa mabomu wakati wa vita, ukajengwa upya mwaka 1949. Miaka ya 1950 vijana wa pikipiki waliugeuza kuwa kwao. Ulikuwa wazi usiku kucha, chai ilikuwa rahisi, na barabara ilikuwa mlangoni. Walivaa makoti ya ngozi na kupanda Triumph, BSA na Norton, na watu wakawaita rockers. Muda si mrefu wakatokea wengine, mods, wenye suti nadhifu na koti refu la kuzuia vumbi, wao wakipanda Vespa na Lambretta zilizopambwa kwa vioo vingi na taa. Sikukuu ya Pasaka ya 1964 vijana walizozana katika mji wa pwani wa Clacton, na Mei mwaka huohuo ikawa Brighton na Margate. Magazeti yaliandika kana kwamba nchi imevamiwa. Mahakimu walitoa hukumu kwa ukali wa kutisha wengine.

Mwanasosholojia Stanley Cohen alikwenda kuchunguza, na mwaka 1972 akatoa kitabu chake kuhusu mambo hayo. Alionyesha kwamba uharibifu uliofanyika ulikuwa mdogo kuliko ulivyosimuliwa, kwamba vijana wengi walikuwa wamekuja kutembea tu wakashikwa na baridi na uchovu, na kwamba kelele za magazeti zenyewe ziliwafundisha vijana hao nani anatakiwa kuwa adui wa nani. Nilipokisoma nilifikiria mara ngapi nimesikia taarifa za hapa kwetu zikisema "kundi la waendesha pikipiki" pasipo kueleza hao watu walikuwa wanafanya nini. Siwatetei wanaopita kwa kasi mbele ya skuli au kukimbizana usiku barabarani. Hao wanaua, na wenzao chini ya mkungu huwasema kwa hasira kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu wao ndio wanaokwenda kuwazika.

Katika hadithi hiyo ya London yupo mtu mmoja ninayempenda, Padri Bill Shergold. Alikuwa na klabu ya vijana ya kanisa, iliyoanzishwa mwaka 1959 upande wa mashariki ya mji na kupewa jina la mwaka wake, 59 Club. Mwaka 1962 aliona vijana wa pikipiki hawana anayewataka. Hakuwaandikia barua ya kuwaita. Alipanda Triumph yake akaenda Ace Cafe, akawakaribisha kwenye ibada, na pikipiki zao zikaingizwa kanisani na kuombewa. Sehemu ya wapanda pikipiki ya klabu ile ikakua mpaka ikajulikana duniani. Ace yenyewe ilifungwa mwaka 1969. Wapenzi wake wa zamani walikutana tena mwaka 1994, wakaja kwa maelfu, na mwaka 2001 milango ikafunguliwa rasmi tena. Siku hizi hata wenye skuta hukaribishwa.

Ningependa mwenye mamlaka yoyote juu ya barabara zetu afanye alichofanya padri yule. Aje asubuhi moja, asimame, ashike kikombe cha kahawa, aulize vespa ni ya mwaka gani. Atajifunza mengi zaidi kuhusu usalama barabarani kuliko katika semina ya siku nzima yenye maji ya chupa.

Kwa mfano, suala la helmeti. Asubuhi ile walikuwa wamekubaliana kwenda matembezi mpaka Paje. Watu wameshawasha, mwalimu mstaafu anavaa glavu, mara muuguzi akazima skuta yake, akamwendea kijana wa Boxer. Helmeti ilikuwa kichwani kwake, mkanda wa kidevuni unaning'inia.

"Hii umemvalia askari au umekivalia kichwa chako?"

"Dada, kifungo kilikatika juzi. Nitatengeneza."

Alimwomba aivue. Akaipitisha mkono ndani, akaminya. Povu gumu la ndani lilikuwa limebonyea upande mmoja. Alimuuliza kama iliwahi kuanguka, akasema aliinunua mtumba. Basi yule dada, ambaye hajalala usiku kucha, akawaeleza wote waliokuwa karibu kazi ya lile povu. Ganda la nje linazuia kitu kisipenye. Povu ndilo linalopondeka ili kichwa kisipate pigo lote kwa mara moja, na likishapondeka halirudi, hivyo helmeti iliyokwisha kugonga imeshamaliza kazi yake hata kama kwa nje inang'aa. Bila mkanda, helmeti hutangulia kuruka na kichwa hufuata kitupu. Alisema amepokea wengi ambao helmeti yao ililetwa hospitali baadaye, nzima, imeokotwa upande wa pili wa barabara. Utafiti uliojumlisha chunguzi nyingi za nchi mbalimbali ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Dada hakutaja tarakimu hizo. Alishika helmeti mbovu mkononi, ikatosha.

Safari ilisimama. Karani, ambaye kwake si mbali, alikwenda nyumbani kuleta helmeti ya akiba. Watu kumi na kitu walizima vyombo vyao wakarudi kwenye kahawa kumngojea, na sikusikia aliyenung'unika. Kijana alikuwa ameinamisha uso. Mvuvi akaanza kumuuliza habari za Boxer yake, inakunywaje mafuta, mpaka akainua uso tena.

Muuguzi alikwenda kulala. Sisi tukaondoka.

Namna wanavyopanda kwa kundi haikuandikwa popote lakini kila mmoja anaijua. Mwenye chombo cha polepole huwekwa karibu na mbele, ili kundi zima liende kwa mwendo wake, kwa sababu akiwekwa nyuma atalazimika kukimbizana ili asiachwe, na hapo ndipo watu wanapoanguka. Hawaendi sambamba wala hawafuatani kwa mstari mmoja. Mmoja hushika karibu na katikati ya barabara, anayefuata hushika kushoto, ili kila mtu awe na pa kukwepea. Ukimwona wa mbele yako anapita nguzo ya umeme, hesabu polepole moja, mbili. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Wa mwisho kabisa ni fundi, na hakuna anayebaki nyuma yake. Kwenye mkoba wake mna plagi, waya wa klachi, spana, pampu na kamba.

Tulipita Mwanakwerekwe, magari yakatupungukia Tunguu. Mpanda pikipiki anaijua barabara kwa ngozi. Kuna ubaridi ukiingia penye miembe, kuna harufu ya makumbi yanayochomwa, kuna mchanga uliomwagwa na lori kwenye kona, ambao mwenye gari hataujua maisha yake yote. Wa mbele alikuwa akinyoosha mguu upande wenye mchanga au shimo, na ishara ile ikapokewa na kila mtu mpaka nyuma. Kwa vespa ishara hiyo ni ya lazima, maana gurudumu lake dogo la inchi 10 huingia kwenye shimo ambalo la pikipiki lingelivuka.

Tulipofika Jozani wote walipunguza kabla ya matuta. Matuta yale yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, mnyama wa visiwa hivi ambaye kwa asili hapatikani kwingine duniani, baada ya magari kuwaua wengi mno. Kundi la kima lilikuwa kando ya barabara, majike na watoto wao. Kijana wa Boxer, ambaye siku za kazi hupiga honi kwa kila kitu kinachotembea, aliinua mkono kuwazuia waliokuwa nyuma yake, akaweka mguu chini, akangoja. Kima walivuka kwa raha zao. Mwalimu alivua miwani akaifuta, na aliyekuwa na haraka alikuwa mwenye daladala nyuma yetu.

Paje tulikula chapati na maharage, tukatazama bahari iliyokupwa, na mazungumzo yakageukia vyombo vipya. Pikipiki za umeme zimeanza kuingia. Hazina plagi, hazina kabureta, hazina jeti la kupuliza. Mwalimu ana wasiwasi. Anaona chombo kisichoharibika hakitamkutanisha mtu na mtu, na mikono isiyojua kufungua kitu itazoea kungoja kampuni. Mwanafunzi wa chuo alimpinga kwa adabu. Alisema betri nazo hufa, breki huisha, beringi hulia, na tairi ni tairi tu. Isitoshe muuguzi skuta yake ni otomatiki, haijampa taabu hata mara moja, na bado anakuja. Nadhani kijana ana hoja. Lakini naelewa anachokililia mwalimu. Amefikia umri ambao watu humheshimu wakampita, na kwa vespa yake ile hapitwi.

Tuliporudi mjini jua lilikuwa utosini. Chini ya mkungu palianza mjadala wa Jumapili ijayo, na hapo nikapata kuona jinsi watu wasio na mwenyekiti wanavyoamua. Wengi walitaka Nungwi. Mwanafunzi alikuwa anashangilia kwa kuwa sasa vespa yake inapanda mlima. Fundi alikuwa amechutama nyuma ya Honda ya mvuvi, anapitisha kidole gumba juu ya tairi, na kidole hakikupata hata mfereji mmoja.

"Hii haifiki Nungwi na kurudi," alisema bila kuinuka.

Mvuvi alisema tairi jipya atanunua mwezi ukiandama, baada ya bamvua, samaki wakipatikana. Hakuna aliyemwambia basi abaki. Karani akasema Fumba pia ni pazuri, na barabara yake fupi. Mwanafunzi akataka kusema kitu, akamtazama mvuvi, akasema kweli, Fumba hajafika siku nyingi.

"Basi Fumba," mwalimu alisema, akipiga kiki. "Saa moja na nusu. Na aliye na tairi la inchi 18 limekaa tu nyumbani, aje nalo."